Moto uliohamia kwenye eksozi

Kwa wiki tatu gari langu lilikuwa linamisi, yaani silinda moja ya injini ilikuwa inakosa kuwasha petroli yake mara moja moja, na mimi nikaliendesha hivyo hivyo. Halikuwa linamisi sana. Asubuhi injini iliwaka mara moja, ikatulia, na kwenye foleni sikusikia chochote. Ni pale tu nilipopanda mlima nikiwa gia ya nne na kukanyaga mafuta kwa nguvu ndipo nilisikia mtikisiko mdogo, kama mtu anayekwama neno moja katikati ya maongezi kisha akaendelea. Nikiachia mafuta, unapotea. Nikajiambia ni petroli mbaya. Baadaye nikajiambia ni plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, nitazibadilisha mwisho wa mwezi.

Usiku mmoja nilirudi kutoka safari ndefu ya milimani, nikaegesha gari kwenye sakafu ya saruji, nikazima taa. Nilipozunguka nyuma kuchukua begi nikaona sakafu chini ya gari ina wekundu. Nilidhani nimeacha kitu kinawaka ndani. Nikainama. Katalisti, lile kopo la chuma la kusafisha moshi lililo katikati ya bomba la eksozi, lilikuwa jekundu kama kaa la mkaa, kuanzia mdomo wake wa mbele hadi nusu ya tumbo. Bati la kuzuia joto lililo juu yake lilikuwa linalia tik, tik, tik. Nilipofungua mlango na kugusa zulia la upande wa abiria, niliondoa mkono haraka.

Chuma huanza kuonyesha wekundu hafifu gizani kikifika kati ya nyuzi 500 na 600 za Selsiasi. Wekundu ule niliouona mimi, mng'avu unaoelekea rangi ya chungwa, ni wa nyuzi 800 na zaidi, na hapo ni ganda la nje tu, baada ya dakika kadhaa za kupoa. Ndani kulikuwa kukali zaidi. Nilikaa kwenye ngazi nikiangalia mpaka wekundu ulipozimika, kwa sababu sikuthubutu kwenda kulala.

Nimejifunza mengi tangu usiku ule, mengine kwa kusoma, mengi kwa kufungua na kufunga. Ninayaandika kwa ajili ya wenye magari ya michezo ya rika la langu, ya miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, kwa sababu magari hayo yana udhaifu ambao mapya hayana na ya zamani zaidi hayakuwa nao.

Rika lenyewe lieleweke. Wazo la kusafisha moshi wa gari kwa katalisti ni la miaka ya 1950, na jina linalotajwa kwanza ni la Eugène Houdry, mhandisi Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Marekani. Lakini petroli ya wakati ule ilikuwa na madini ya risasi, nayo risasi huifunika katalisti ikafa. Ilibidi kusubiri petroli isiyo na risasi, na ndipo magari ya modeli ya 1975 yakaanza kuuzwa Marekani yakiwa na katalisti kwa wingi. Mwaka 1976 ikaja sensa ya oksijeni, inayosoma oksijeni iliyobaki kwenye moshi, kazi ya Bosch, ikafungwa kwanza kwenye magari ya Volvo. Ulaya, sheria ya Euro 1 ya mwaka 1992 ndiyo iliyoifanya katalisti iwe kitu cha kawaida chini ya kila gari jipya la petroli. Kompyuta inayolazimishwa kisheria kuisikiliza injini ikimisi ilikuja baadaye: Marekani mwaka 1996 kwa mfumo wa OBD-II, na Ulaya mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Katikati ya miaka hiyo kuna magari yenye katalisti na yasiyo na mlinzi. Gari la 1968 likimisi, petroli isiyoungua inatoka nje, linanuka, linapiga mshindo kwenye sailensa, basi. Gari la 2008 likimisi, kompyuta inahisi shafti ya injini imepunguza kasi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, inahesabu misi ndani ya kila mizunguko 200, na ikiona zimefikia kiwango cha kuiharibu katalisti, taa ya injini inaanza kumweka. Magari mengi yanazima nozeli ya silinda husika, ile inayoipulizia petroli, papo hapo. Gari la 1988 au 1993 halifanyi hata moja kati ya hayo. Linaendelea kumwaga petroli kwenye silinda iliyokufa, kwa bidii ileile, na halimwambii dereva neno.

Sasa kwa nini petroli hiyo iwe hatari namna ile? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimekutana na watu wengi, mafundi wakiwemo, wanaodhani kwamba kinachochoma katalisti ni gari kula mafuta mengi. Kula mafuta mengi kuna madhara yake, ila hakuleti joto la aina hii. Injini inayopewa petroli nyingi kupita kiasi lakini inawasha silinda zote hutoa moshi wenye mafuta na usio na oksijeni ya kutosha. Mafuta yapo, hewa haipo, kwa hiyo moto hauwezi kuwa mkubwa. Silinda inayomisi hutoa vyote viwili kwa pamoja: petroli yote iliyoingia, na hewa yote iliyoingia nayo, vikiwa vimechanganywa tayari kwa kipimo sahihi cha kuungua. Cheche tu ndiyo ilikosekana. Na katalisti haihitaji cheche. Ikishafika nyuzi 300 hivi inaunguza chochote kinachopita mbele yake chenye mafuta na oksijeni. Ndiyo kazi yake. Siku zote huunguza mabaki. Silinda ikimisi unailetea mlo mzima.

Niliwahi kukaa na kalamu nikakadiria. Chukua injini ya silinda 6 inayotumia lita 12 za petroli kwa saa kwenye barabara kuu. Kila silinda inapata lita 2. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, kwa hiyo silinda moja iliyokufa inapeleka megajuli 64 kwa saa kwenye eksozi, na hiyo ni karibu kilowati 18. Pasi ya umeme ya kawaida ni kilowati moja. Fikiria pasi 18 zimewashwa zote ndani ya kopo ambalo unaweza kulikumbatia kwa mkono mmoja. Hata kama sehemu ya petroli hiyo itapita bila kuungua, kwa makadirio yangu ya haraka moshi unaweza kupanda kwa nyuzi 300 kuliko kawaida. Kama ulianza na nyuzi 600 kwenye tambarare, umefika 900. Kama ulikuwa unapanda mlima na ulianza na 750, umepita 1000.

Ndani ya kopo hilo kuna tofali la udongo wa kauri lenye vijishimo vyembamba kama sega la nyuki, 60 hivi kwa kila sentimita mraba, na kuta zake ni nyembamba kuliko kadi ya simu. Juu ya kuta hizo umepakwa utandu wenye vumbi la platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi inafanyika vizuri kati ya nyuzi 400 na 800. Ukizidi 900 kwa muda, chembe za madini hayo zinaanza kusogeleana na kugandana, na eneo la kufanyia kazi linapungua. Katalisti inazeeka miaka kadhaa kwa safari moja. Ukipita 1400 kauri yenyewe inayeyuka. Ninayo nusu ya tofali langu hapa mezani. Pembeni bado ni sega zuri, vijishimo vyote viko wazi, ukiliinua kwenye dirisha unaona mwanga upande wa pili. Katikati kuna kitu kama nta ya mshumaa iliyomwagika ikakauka, rangi ya kijivu inayoelekea kahawia, laini ukipitisha kidole, na hakuna shimo hata moja lililobaki.

Kuna jambo jingine linalofanya hali iwe mbaya zaidi, nalo lilinichukua muda kulielewa. Sensa ya oksijeni imekaa kwenye bomba kabla ya katalisti. Haijui petroli, inajua oksijeni tu. Silinda ikimisi, hewa yake isiyotumika inapita mbele ya sensa, na volti ya sensa inaanguka kuelekea 0.1, ishara ambayo kompyuta imefundishwa kuisoma kwamba injini ina hewa nyingi na mafuta machache. Kwa hiyo kompyuta inaongeza mafuta. Inaongeza kwa silinda zote za upande ule, pamoja na ile iliyokufa. Sasa zile nzima nazo zinatoa mabaki ya mafuta, ile mbovu inatoa hewa ya kuyaunguzia, na vyote vinakutana kwenye katalisti. Mlinzi pekee aliyekuwepo amedanganywa, na anauchochea moto akiamini anarekebisha mambo.

Watengenezaji wa zamani walilijua tatizo hili, na njia walizojaribu zinanivutia hadi leo. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalikuwa na taa ya joto la moshi kwenye dashibodi, iliyounganishwa na kipimajoto cha katalisti. Ferrari waliweka vipimajoto kwenye katalisti za magari kama 348 na F355, kimoja kila upande wa injini, na taa mbili zenye maneno "slow down", yaani punguza mwendo: moja ya silinda 1 hadi 4, nyingine ya 5 hadi 8. Taa hizo zimepata sifa mbaya kwa sababu vile visanduku vidogo vinavyosoma joto huharibika na kuwasha taa bure, na wenye magari wamezoea kuzipuuza. Kuna njia rahisi ya kuupata ukweli: badilisha visanduku, cha kushoto kiende kulia. Taa ikihamia upande wa pili, kisanduku ni kibovu. Taa ikibaki pale pale, iamini. Mimi ningeiamini hata kabla ya kubadilisha, nikae pembeni ya barabara nusu saa, kuliko kudhani ni uongo.

Mazda RX-7 ni habari ya peke yake. Injini yake ya rota, yenye kipande kinachozunguka badala ya pistoni, hutoa moshi wa moto kuliko injini ya pistoni hata ikiwa nzima kabisa, na kila rota ina plagi mbili, inayoongoza na inayofuata. Koili ya plagi zinazoongoza, ile inayozipa volti ya cheche, ikidhoofika, gari bado linatembea kwa sababu plagi zinazofuata zinajaribu kuokoa hali, lakini uunguaji unachelewa na moto unamalizikia kwenye eksozi. Porsche 911 ya aina ya 964, iliyoanza mwaka 1989, nayo ina plagi mbili kwa kila silinda na distributa mbili za kugawa cheche kwa silinda, ya pili ikizungushwa na mkanda mdogo kutoka ya kwanza. Mkanda huo ukikatika, rota ya distributa ya pili, kile kidole chake kinachozunguka ndani, inasimama na cheche zote za upande wake zinapelekwa pale ilipoelekea iliposimama. Injini inaendelea kuzunguka. Dereva anaona nguvu zimepungua kidogo tu. Magari yenye plagi mbili huficha ugonjwa vizuri sana, na mwenye gari la namna hiyo anapaswa kuwa na sikio jepesi kuliko sisi wengine.

Nirudi kwenye gari langu. Nitakiri kosa nililolifanya asubuhi iliyofuata, kwa kuwa wengi wanalifanya. Nililipeleka gereji moja, wakapima, wakasema katalisti imeziba, nikanunua nyingine, ikafungwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua, na mimi mwenyewe sikuuliza. Gari likapata nguvu tena, nikafurahi. Mtikisiko wa gia ya nne ulikuwa bado upo. Siku ya tisa, kwenye mlima uleule, nikasikia tena harufu ile ya bati la moto na vumbi linaloungua.

Safari hii nilimpigia fundi mmoja mzee ninayemheshimu, aliyetumia umri wake wote kwenye mifumo ya cheche. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mwanangu," akasema, "umebadilisha sufuria, jiko hujaligusa. Zima hilo gari. Usilitembeze hata mita moja mpaka ujue ni silinda ipi."

"Nitajuaje, mzee? Likiwa limesimama halimisi."

"Kwa sababu halina mzigo. Mnyunyizie maji gizani. Atakuonyesha mwenyewe."

Maelezo ya mzigo ndiyo haya. Cheche inapaswa kuruka pengo la plagi lililo ndani ya hewa iliyobanwa. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo volti kubwa zaidi inavyohitajika. Injini ikiwa imetulia bila mzigo, volti 10,000 hivi zinatosha. Ukikanyaga mafuta yote mlimani, silinda inajaa, na plagi inaweza kudai 20,000 au zaidi. Waya wenye ufa, kifuniko cha distributa chenye unyevu, koili yenye mpasuko, vyote vinaweza kuzuia volti 10,000 vizuri kabisa. Kwenye 20,000 umeme unaona njia fupi zaidi ya kufika kwenye bodi ya injini na unaifuata, nayo plagi inabaki bila kitu. Ndiyo maana misi ya mlimani inayopotea kwenye tambarare karibu kila mara ni ya upande wa cheche.

Usiku nilifanya kama alivyosema. Boneti juu, taa zote zimezimwa, injini ikizunguka bila mzigo kwa muda mfupi tu, na chupa ya kunyunyizia yenye maji kidogo yaliyotiwa chumvi. Mikono mbali na waya, kwani volti hizo hazina mchezo na mwenye tatizo la moyo asithubutu. Nikapuliza ukungu mwembamba juu ya kifuniko cha distributa. Kimya. Nikapuliza kwenye waya wa silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Kwenye waya wa nne, pale unapopita juu ya manifoldi ya eksozi, bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye silinda, kabla ya kuzama kwenye plagi, kikatokea kiuzi cha buluu, chembamba, kikirukaruka kutoka kwenye mpira hadi kwenye chuma kilicho karibu, na papo hapo injini ikaanza kutetemeka na kukohoa. Nilizima. Nilikaa gizani nikijihisi kama mtu aliyemwona mwizi aliyekuwa akimwibia mwezi mzima.

Asubuhi niliuchomoa waya ule. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoupima kwa mita, ukinzani wake ulilingana na wa wenzake, na kama ningeishia hapo ningeurudisha. Nikaukunja taratibu karibu na kofia ya mpira huku nikiangalia namba: zikapanda, zikaruka, zikapotea, zikarudi. Nikaupasua kwa kisu. Joto la manifoldi lilikuwa limeukausha mpira ukawa mgumu kama ganda la muwa, na ndani, uzi wa kaboni ulikuwa umekatika ukabaki unagusana kwa bahati. Ukiwa baridi unagusana. Ukipata moto na mtikisiko, unaachana.

Nilifungua pia kifuniko cha distributa nikakigeuza kwenye mwanga wa jua. Kati ya ncha ya silinda ya nne na ile inayofuata kulikuwa na mstari mwembamba mweusi, kama mtu amechora kwa penseli iliyochongwa vizuri, ukipinda kidogo kufuata mikwaruzo ya plastiki. Huo ni mkondo wa kaboni. Cheche iliyokosa njia ilikuwa imejitengenezea barabara, na mkondo huo ukishachorwa haufutiki kwa kusugua. Kila cheche inayopita huuzidisha. Kifuniko kikatupwa. Rota nayo ikatupwa. Plagi ya silinda ya nne ilitoka imelowa, nyeusi, inanuka petroli mbichi, wakati nyingine tano zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka ya plagi yenye afya. Wiki kadhaa za kuhangaika, na jibu lilikuwa limeandikwa kwenye plagi moja ambayo sikuwa nimeitoa.

Kuhusu katalisti zenyewe, zote mbili, ile ya kwanza ilikuwa imeziba kama nilivyoeleza. Ya pili ilinusurika kwa kiasi. Nilipoigonga kwa nyundo ya mpira haikucheza ndani, na hilo ni jambo la kusikiliza, maana tofali likivunjika unalisikia linagongana kama kokoto ndani ya kopo. Niliipima kwa njia ya pili pia: unatoa sensa ya oksijeni iliyo mbele, unafunga geji ya shinikizo kwenye tundu lake, na kuwasha injini. Bila mzigo, shinikizo lisizidi sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha shinikizo. Kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, mara mbili ya hapo. Langu lilikaa chini ya hapo. Vipimajoto vile vya kuelekeza kama bastola ninavyo pia, lakini tahadhari: kwenye chuma cha pua kinachong'aa husoma chini sana ya ukweli. Ukitaka kuviamini, elekeza mahali palipopata kutu au masizi.

Katalisti iliyovunjika isiachwe ndani hata kama gari linatembea. Vipande vikisogea nyuma huziba sailensa. Kwenye injini ambazo katalisti ya kwanza imekaa karibu kabisa na kichwa cha silinda, hali ni ya kutisha zaidi, kwa sababu vali za kuingiza na za kutoa hufunguka pamoja kwa kitambo kidogo, na vumbi la kauri linaweza kuvutwa kurudi ndani ya silinda. Kauri ni msasa. Haichukui muda kuharibu kuta za silinda.

Najua kuna wanaosema dawa ni kuing'oa katalisti kabisa na kuweka bomba tupu. Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na watu wanaopenda magari kama mimi. Sikubaliani nao. Katika nchi nyingi ni kinyume cha sheria, na moshi ule unavutwa na mtu mwingine aliye nyuma yako. Na ukiiondoa katalisti, misi inabaki palepale: silinda iliyokufa inaendelea kumwagiwa petroli, petroli inaosha mafuta ya kulainisha kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Umeondoa kilichokuwa kinakuonyesha ugonjwa.

Kama misi itakukuta mbali na nyumbani, kuna mambo machache ninayoyafanya sasa bila kufikiri mara mbili. Naachia mafuta mara moja. Natafuta mahali pa lami au changarawe tupu, kamwe si kwenye nyasi kavu wala majani, kwa sababu katalisti yenye wekundu huwasha nyasi kwa kuzigusa tu. Nazima injini, kuiacha izunguke ili "ipoe" ni kuendelea kuilisha. Simwagii maji, maana kauri ya nyuzi 800 ikipata maji baridi kwenye ganda lake hupasuka. Na kamwe sizimi swichi gari likiwa kwenye mwendo ili literemke lenyewe, hasa la kabureta: pistoni zinaendelea kuvuta petroli, hakuna cheche hata moja, na silinda zote zinapeleka mlo kwenye kopo lile kwa pamoja.

Ikibidi gari litembee, na lina nozeli za umeme, nachomoa soketi ya nozeli ya silinda iliyokufa. Mafuta yakikatika, moto unakosa chakula. Nachomoa na soketi ya sensa ya oksijeni, kwa sababu hewa ya silinda ile bado itaidanganya, na kompyuta nyingi za rika lile zisipopata ishara ya sensa hurudi kwenye vipimo vyake vya msingi. Halafu naenda polepole, kwa mguu mwepesi. Magari yenye K-Jetronic, mfumo wa zamani wa kimakanika wa kupuliza petroli, kama 911 SC na Ferrari 328, hayana soketi ya kuchomoa. Nozeli zake hupuliza muda wote kwa shinikizo la petroli. Hayo yabebwe. Vilevile ule mchezo wa gereji wa kuchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kusikiliza silinda ipi imekufa, kwenye gari lenye katalisti ufanywe kwa sekunde chache tu, au uchomoe nozeli badala ya waya. Unapata jibu lilelile bila kupeleka petroli mbichi kwenye eksozi.

Waya za plagi, kifuniko na rota sasa nazibadilisha kwa muda, sisubiri zife. Waya ule wa nne nimeuvika soksi ya kuzuia joto na kuusogeza vidole viwili mbali na manifoldi. Baada ya kila safari ya milima nazima taa, nainama, naangalia chini mpaka macho yazoee giza. Kwa miaka minne sasa nimeona giza tu na kusikia bati likipoa.

Juzi usiku rafiki yangu alinipigia. Gari lake la mwaka 1992 linamisi kidogo, akasema, kidogo sana, likiwa na mzigo tu, na ana safari kesho, je, litafika? Nikamwambia azime injini kwanza ndipo tuongee. Nikachukua mita, nikajaza chupa ya kunyunyizia maji, nikaenda.